Kompyuta Ilishajua Kiswahili 2004. Tuliiachia Wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Laptopu nyingi mtaani zikaendelea kuwaka kama kawaida, kwa hivyo wengi wetu hatukushtuka. Lakini maana yake ni hii: tundu jipya la usalama likigunduliwa kwenye Windows 10, hakuna tena anayelazimika kuja kukuzibia, isipokuwa uwe umejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja, na hiyo nayo inaisha Oktoba 2026. Windows 11 ipo, sawa, ila ina masharti. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa pita kwenye maduka ya Ukunda uangalie zile laptopu za mtumba tunazoziita ex-UK. Zipo tele za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Mashine nzima, kibodi fiti, skrini safi, na mwenye programu ameshasema hazitaki tena.

Sijaja kuwatia wasiwasi. Nataka tuongee historia, manake hili swali la tutafanya nini kompyuta ikiachwa na mwenyewe lilishajibiwa zamani. Na kipande kimoja cha jibu kilijengwa hapahapa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, kabla wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa. Tulikuwa nacho. Sasa hivi ukimuuliza mwanafunzi wa kompyuta Msambweni kama amewahi kukisikia, atakuangalia tu.

Nahodha ni wa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo endeshi. Ukibofya, ukichapa, ukichomeka flashi, kuna programu moja kubwa inayopokea amri zako na kugawa kazi: wewe soma diski, wewe onyesha picha, wewe toa sauti. Hiyo ndo mfumo endeshi. Ni nahodha. Chombo kinaweza kuwa chako, umekilipia hadi risiti unayo, lakini kama nahodha ameajiriwa na mtu mwingine, huyo mtu mwingine ndiye anayeamua chombo kitasafiri mpaka lini.

Kuna watu hili liliwaudhi mapema. Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Maabara ilipata printa mpya ya Xerox, na karatasi zilikuwa zikikwama. Printa ya zamani walikuwa wameibadilisha programu yake ili ikikwama iwajulishe watu. Hii mpya hawakuweza, kwa sababu msimbo wake, yaani yale maandishi yanayounda programu, ulikuwa umefichwa. Kitu kidogo, printa tu. Lakini tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza kazi aliyoiita GNU: kujenga mfumo endeshi mzima ambao mtu yeyote ataruhusiwa kuutumia, kuusoma ndani, kuubadilisha, na kuwagawia wenzake. Hizo ruhusa nne ndizo tunazoziita leo programu huria.

GNU ilipata vifaa vingi lakini ilichelewa kupata kiini, ile sehemu ya katikati inayozungumza na mashine yenyewe. Kiini kikatoka pengine. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi mdogo wa kujifurahisha tu. Hicho kitu cha kujifurahisha ndo Linux. Na usiniambie ati Linux ni ya mahaka wa kwenye filamu, manake unayo mfukoni. Android yoyote, iwe Tecno, iwe Infinix, iwe Samsung, ndani yake kiini ni Linux.

Hapo bado mtu wa kawaida hakuweza kuitumia kwenye kompyuta. Ilikuwa kama kupewa mbao, misumari na tanga ukaambiwa haya, safiri. Mtu aliyeanza kupanga vipande vikawa chombo kimoja kinachotunzwa na jamii ni Ian Murdock, mwanafunzi mwingine, aliyetangaza Debian tarehe 16 Agosti 1993. Jina ni la kimapenzi kabisa: Debra, mpenzi wake wakati ule, na Ian mwenyewe. Matoleo yake yanaitwa kwa majina ya wahusika wa katuni ya Toy Story. Lakini chini ya mzaha huo kuna mambo mazito. Mwaka 1997 Debian ilijiandikia mkataba wa kijamii unaosema wana wajibu gani kwa watumiaji. Ina katiba. Kiongozi wake anapigiwa kura kila mwaka. Kila kifurushi cha programu kina mtu au kikundi kinachojulikana kuwa ndicho mlezi wake, na mlezi akichoka anatafutwa mwingine. Murdock alifariki 2015. Debian inaendelea, na toleo lake la 13 lilitoka Agosti 2025.

Shika hilo neno, mlezi. Tutalirudia.

Mwaka 2004

Mwaka 2004 yalitokea mambo mawili ambayo mimi naona yangefaa kufundishwa kwenye kila darasa la kompyuta Pwani.

La kwanza, Dar es Salaam. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya ushauri ya Sweden iitwayo IT+46, ilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Lengo lilikuwa kompyuta inayozungumza Kiswahili, kwa kutumia programu huria. Mwishoni mwa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi, ya kuandikia barua, kupiga hesabu kwenye majedwali na kutengeneza maonyesho ya slaidi, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili.

Fikiria kazi iliyokuwa pale. Kutafsiri programu si kama kutafsiri hadithi. Unapewa maelfu ya vipande vya maneno, neno moja hapa, sentensi nusu pale, na kila neno lazima libaki lilelile kila linapotokea. Ukisema hifadhi ukurasa huu, usije ukasema weka ukurasa ule. Halafu maneno mengine hayakuwepo, au yalikuwepo mawili yanagombana. Kompyuta au tarakilishi? Neno la siri au nywila? Na mengine yalikuwepo muda wote yanatusubiri. Pakua, kwa mfano. Mwanapwani anapakua wali kwenye sinia, anapakua shehena kutoka jahazini, na sasa anapakua faili. Hakuna haja ya kueleza, mkono tayari unajua.

Na kwa nini walianzia kwenye programu huria? Kwa sababu ndiyo pekee waliyoruhusiwa kuifungua. Msimbo uko wazi, leseni inasema badilisha, basi Wadaresalaam wakabadilisha bila kumpigia mtu magoti. Kwa Windows ilibidi usubiri mwenyewe aamue kwamba lugha yako inalipa. Na mwaka huohuo wa 2004 Microsoft nayo ikatangaza kwamba italeta Kiswahili kwenye bidhaa zake, na baadaye ikaleta. Sisemi walishtushwa na Dar. Nasema tu kalenda ni ile moja.

Jambo la pili lilitokea tarehe 20 Oktoba 2004. Mark Shuttleworth, kijana wa Afrika Kusini aliyeuza kampuni yake Thawte mwaka 1999 akawa tajiri mkubwa, na 2002 akaenda hadi anga za juu kwa chombo cha Warusi, alitoa toleo la kwanza la Ubuntu. Aliichukua Debian, akalipa wataalamu, akawaambia waitengeneze kwa ajili ya mtu ambaye hajui kitu: CD moja, programu moja kwa kila kazi badala ya kumi, toleo jipya kila miezi sita. Jina lenyewe ni la kwetu kiukoo. Wazulu na Waxhosa wanasema ubuntu, sisi tunasema utu. Mdigo akisema mutu na Mswahili akisema mtu, shina ni lilelile.

Shuttleworth aliandika kasoro nambari 1 kwenye orodha ya kasoro za Ubuntu: kwamba Microsoft ndiyo inayotawala soko la kompyuta za mezani. Mwaka 2013 akaifunga, akisema dunia imebadilika, simu na tableti zimeingia. Wengine walicheka, kwa sababu kwenye kompyuta za mezani Windows ilikuwa bado imekaa palepale.

Basi, mwaka mmoja, Waafrika kaskazini na kusini ya Mto Ruvuma wanafanya kazi ileile. Mmoja ana Kiswahili, mwingine ana pesa na urahisi. Ungedhani kufikia leo kila saiba kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ina kompyuta huria ya Kiswahili. Haina. Kwa nini?

Sababu ambazo watu hutoa, na ile ninayoiamini

Watu husema ni intaneti. Ni kweli, kwa sehemu. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti. Kushusha CD moja ya megabaiti 700 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde kungekula zaidi ya saa 27 bila kukatika, na saiba walikuwa wanakuhesabia dakika. Ubuntu walilijua hilo, ndiyo sababu walikuwa na mpango wa ShipIt: unaomba, wanakutumia CD kwa posta hadi sanduku lako, bure, popote duniani. Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikatua Mombasa, hapa tu ng'ambo ya feri. Aprili 2011 ShipIt ikafungwa. Kama tatizo lingekuwa intaneti pekee, baada ya 2009 tungeona mabadiliko makubwa. Hatukuyaona.

Wengine husema ni pesa. Linux ni ya bure na Windows ni ghali, kwa hivyo maskini angekimbilia Linux. Huyo anayesema hivyo hajawahi kwenda kwa fundi. Mtaani kwetu Windows haijawahi kuwa ghali, kwa sababu iliyokuwa inawekwa ni ya kunakili. Unalipa jasho la fundi tu. Ukiweka vitu viwili mezani, vyote bei moja, mtu atachukua kile alichofundishwa shuleni na kile ambacho binamu yake anakijua. Bure haikuwa silaha yoyote hapa. Ila nguo ya kuazima haisitiri maungo: Windows ya kunakili haina mwenyewe wa kumlalamikia, masasisho yake mara nyingi yanazimwa ili isigundulike, na virusi vinahama na flashi kutoka saiba hadi shule hadi nyumbani.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja Ukunda, mzee wa kazi, kwa nini hawawekei wateja Linux.

"Mwanangu, kuiweka ni nusu saa," akasema. "Lakini mteja akikwama usiku na kazi ya watu, atampigia nani?"

"Atakupigia wewe, ami."

"Mimi peke yangu. Windows akikwama ana mtaa mzima wa kuuliza."

Hapo ndo naiona sababu ninayoiamini. Sisi tunadhani mfumo rahisi kwa anayeanza ni ule wenye vitufe vikubwa na rangi nzuri. Ubuntu walikuwa na vitufe. Jambo walikuwa na lugha. Kilichokosekana ni yule mtu wa hatua kumi kutoka nyumbani anayejua. Urahisi wa Windows haukuwa ndani ya Windows, ulikuwa mtaani.

Na kuna upande wa pili wa sababu hiyohiyo. Mradi una bajeti na una mwisho. Programu haina mwisho. Jambo ilijengwa juu ya OpenOffice.org, iliyokuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun, na jamii ya wajenzi ilipoona mambo hayaeleweki, Septemba mwaka huohuo wengi wao wakahama na msimbo wao, wakaanzisha LibreOffice. Hiyo ndo nguvu ya programu huria: mwenyewe akibadilika, jamii inaweza kuhama na kila kitu. Lakini tafsiri ya Kiswahili haihami yenyewe. Kila toleo jipya lina maneno mapya. Lazima awepo mtu wa kuyapokea mwaka huu, na mwingine mwaka ujao. Mvuvi yeyote wa Msambweni atakwambia: dau halitengenezwi mara moja. Unalivuta nchi kavu, unalipiga kalafati, unalirudisha majini, na msimu mwingine unaanza upya. Anayeacha kupiga kalafati hana dau, ana mbao zinazosubiri kuzama.

Siwalaumu watu wa Dar hata kidogo. Wao walijenga. Waliotakiwa kupokea zamu ni sisi wengine, kuanzia Tanga hadi Lamu, na hatukujua hata kama kuna zamu.

Gazi wanajua

Mtu ataniambia, bro, jamii yetu haiwezi kutunza kitu cha pamoja kwa miaka, tutagombana tu. Huyo nampeleka Gazi. Ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni, hufiki Msambweni kabla ya kupita njia ya kuingia Gazi. Pale vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi wa Mikoko Pamoja. Mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa sana miaka ya nyuma. Tangu 2013 wanatunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi. Pesa inaingia kwenye maji, shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji wenyewe wanakubaliana. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Angalia vizuri ilivyoanza. Utaalamu mwingi ulitoka nje ya kijiji: KMFRI, ile taasisi yetu ya utafiti wa bahari, na wanasayansi wa Uingereza. Kama vile Dar ilivyokuwa na Wasweden. Tofauti ni kwamba Gazi kuna kamati, kuna watu wa doria, kuna watu wa kupanda miche, na kila mwaka kazi inafanywa tena. Walezi wapo na wanajulikana. Kisha Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani, wakauchukua mfano huo na kuanzisha mradi wao wa zaidi ya hekta 400, kwa sheria zinazofaa kwao. Hawakuibia Gazi kitu. Gazi haikupungukiwa. Kwenye programu huria jambo hilohilo ndilo lililofanya Debian izae Ubuntu, na Ubuntu izae Linux Mint mwaka 2006, Mint ambayo leo ndiyo ninayoiona inamfaa zaidi mtu anayehama kutoka Windows, kwa sababu menyu iko palepale chini kushoto alipoizoea.

Na kama Gazi ni karibu mno kwako, vuka bahari. Watu wa Malabar tumebadilishana nao bidhaa kwa kaskazi na kusi karne na karne, hata mbao za misaji za majahazi zilitoka kule. Malabar ya leo iko ndani ya jimbo la Kerala, India. Mwaka 2001 jimbo hilo lilianzisha mpango wa IT@School, na ndani ya miaka michache likazihamishia shule zake za serikali kwenye Linux, kwa toleo lao wenyewe lililojengwa kwanza juu ya Debian na baadaye juu ya Ubuntu, likiwa na Kimalayalam ndani. Kilichowabeba ni walimu. Walifundishwa walimu, walimu wakawafundisha walimu wenzao, na mwalimu akawa ndiye yule mtu wa hatua kumi. Mtoto akikwama, msaada uko darasani. Serikali ya jimbo ilisukuma, ndiyo, lakini wanaojitolea kutafsiri kwa Kimalayalam walikuwa wameshaanza kazi yao pembeni, na pande hizo mbili zikakutana.

Sasa sisi

Sipendekezi tuanzishe mfumo endeshi wetu tuuite KwaleOS. Najua jina linapendeza na nembo ingekuwa na mnazi. Lakini dunia ina matoleo ya Linux mamia, na mengi yamekufa kwa ugonjwa ninaousema: watu wengi siku ya uzinduzi, hakuna mtu siku ya kalafati. Mbao zipo. Debian ipo, Mint ipo, LibreOffice ipo. Tunachohitaji kujenga ni ile sehemu ambayo Ubuntu haikuweza kututumia kwa posta.

Kwanza, walezi wa mtaa. Vijana watatu wanne Ukunda, wawili Msambweni, mmoja Gazi, mmoja Lunga Lunga, wanaojua kuweka Linux Mint kwenye laptopu ya kizazi cha 4 na kuunganisha printa, na namba zao zinajulikana. Kwa zamu, ili asichoke mmoja. Fundi wangu akipata hilo, anaweza kumwambia mteja, ukikwama usiku piga hapa.

Pili, lugha. Tafsiri za programu huria ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye subira, na hazihitaji ujue kuandika msimbo. Zinahitaji ujue Kiswahili. Sisi ndio watu ambao kila mara tunajisifu kwamba Kiswahili sanifu kina damu ya Pwani. Basi hapa ndo mahali pa kuonyesha. Mwanafunzi wa fasihi wa Kwale anaweza kuwa na thamani kwenye kazi hii kuliko mtaalamu wa kompyuta wa Nairobi.

Tatu, tuseme ukweli kwa watu kabla hawajahama. Photoshop haiendeshwi kwenye Linux moja kwa moja, AutoCAD vilevile, na michezo mingine ya mtandaoni inakataa kabisa. Mtu wa usanifu majengo asidanganywe. Lakini mwenye kuandika CV, kuomba chuo, kuingia eCitizen, kusoma, kuhariri picha za kawaida, kufundisha, kufanya kazi za mtandaoni kwa kivinjari, huyo ana kila anachohitaji, na laptopu yake ya mtumba itaishi miaka kadhaa zaidi. Ajaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu. Mint inawaka kutoka kwenye flashi, unaiangalia, ukikataa unaichomoa, Windows yako iko palepale. Na akiamua kuhama, anakili faili zake pembeni kabla fundi hajagusa chochote.

Mimi sioni aibu kwamba kitu cha 2004 kilitupita. Wakati ule tulikuwa tunahesabiwa dakika saiba. Ninachoogopa ni hiki cha sasa. Intaneti ipo, mashine zipo, msimbo uko wazi tangu kabla hatujazaliwa, na vijana wenye muda wamejaa vibarazani. Oktoba 2026 ikifika na ile nyongeza ya Windows 10 ikiisha, kuna watu watanunua laptopu nyingine kwa pesa za karo, na kuna mashine nzima zitaishia kwenye jaa la taka nyuma ya soko. Kama unaishi kati ya Likoni na Vanga na unajua hata kidogo tu kuhusu haya mambo, andika jina lako na mtaa wako hapo chini. Tupange zamu.